Vyungu Vitatu Visivyo na Kitako

Kinole, 3 Aprili 1995

Mdogo wangu Sabra,

Pokea salamu za huku mlimani, zimelowa kidogo kwa mvua ila zimetoka moyoni. Mimi na binti yangu Agnes hatujambo, isipokuwa kikohozi chake cha asubuhi. Wewe je, na masomo? Baba Agnes bado yuko machimboni Mererani, kimya.

Sabra, lile sanduku la jua la kukaushia ndizi mlilotujengea nyie wanafunzi wa chuo limetuaibisha. Mlilijenga Januari, jua likiwaka. Sasa ukungu unashuka saa nane mchana, na ndizi mle ndani zimeota ndevu nyeupe kama babu. Ushirika haununui tena, na hawa wachuuzi wenye magari yao wakiona matope wanageuzia Mkuyuni. Mavuno yanaoza. Wenzangu wa kikundi wamejitoa wote. Nimeliburuza sanduku peke yangu mpaka jikoni.

Mliahidi kurudi kabla ya Pasaka. Kitandani, upande wako wa dirishani, ulikolala mlipokuwa mkijenga, sijaweka kitu.

Dada yako,
Felista

Kinole, 21 Mei 1995

Mdogo wangu,

Hujambo? Ya kwanza sijui kama ilifika. Pasaka imepita, tuko wazima.

Juu ya moto ndizi zilikauka, lakini zikanuka moshi. Mama Theresia, yule wa kikundi, akapita akasema, "Felista, unakausha ndizi au unazivutisha sigara?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikalia.

Halafu nikafanya jambo. Vile vyungu vitatu alivyofinyanga marehemu mama yangu, nimevitoboa vitako. Nimevilaza, kimoja kimeingia kwenye kingine, nikaziba kwa udongo. Moto unapita ndani yake, moshi unatokea nyuma ya nyumba. Sanduku liko juu, linapata joto tu. Siku tatu ndizi zimekauka, na mvua ikinyesha! Hazinuki.

Lakini mjomba hanisemeshi. Aliniambia neno moja tu: "Umemuua dada yangu mara ya pili." Sabra, mtu wa chuo akija akaona, akasema kitu hiki ni kweli, mjomba atanielewa na wenzangu watarudi. Asipokuja, nabaki kuwa yule aliyevunja vyungu vya ukoo.

Dada yako,
Felista

Morogoro, 30 Juni 1995

Dada Felista,

Habari za huko, na mwanangu Agnes? Barua zako mbili nimezisoma siku moja, nilikuwa likizo kwetu. Nisamehe.

Mradi umekwisha, wafadhili wameondoka na gari lao. Mimi nimemaliza masomo, nimepata kazi Lindi na ninaondoka keshokutwa. Lakini nilichora vyungu vyako kama ulivyoandika, nikamwonyesha Mwalimu Twalibu wa karakana. Aliuinamia mchoro, kisha akasema, "Huyu nitamwonaje?"

Dada, shuka wewe. Njoo navyo. Anwani yangu mpya nitakutumia.

Mdogo wako,
Sabra

Kinole, 9 Septemba 1995

Mdogo wangu Sabra,

Je, Lindi umezoea? Unakula vizuri? Sisi wazima, kikohozi kimeisha. Anwani hujatuma, kwa hiyo hii naipeleka chuoni, labda wataisukuma.

Nilishuka, Agnes mgongoni, vyungu kichwani ndani ya tenga. Mlinzi getini akasema, "Mama, vyungu vinauzwa sokoni, hapa chuo." Nikamwambia, "Hivi haviuzwi, na tena havina kitako." Akacheka, akanifungulia.

Mwalimu aliwasha moto mwenyewe, akaweka kiganja juu, akaita wanafunzi. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia, mvua.

Wiki iliyofuata akapanda huku na lori la machungwa, na wanafunzi wawili wa kukaa mwezi mzima. Akaenda kwa mjomba, akamwamkia, akamwambia, "Mzee, nimeleta vijana wangu wasome kwenye vyungu vya dada yako." Mjomba akainuka, akaingia ndani. Asubuhi nimefungua mlango, nakuta chungu cha nne, kile cha mama alichokuwa anakitunza mjomba. Kizima. Kitako ameniachia nikitoboe mwenyewe.

Mama Theresia amerudi na wenzake. Anasema alijua tangu mwanzo!

Mmoja wa wanafunzi ni binti, Rehema, nalala naye. Usiku wa kwanza alijilaza upande wa dirishani. Nikamwambia, mwanangu, hamia ukutani, mwenyewe yuko safarini.

Dada yako,
Felista