Usimnyanyue Chiriku

Baba Chiriku,

Chai iko kwenye chupa. Mtoto akiamka usingizi wa mchana, mfanyishe mazoezi ya miguu: akae kwenye kigoda, ashike meza, asimame mwenyewe, kisha akae taratibu. Akisema anaumia, apumzike. Magoti yakitetemeka tu, mwache. Ndivyo misuli inavyopata nguvu.

Asubuhi umenikwaza. Ulimnyakua hata hajamaliza kusimama, ukaniambia mbele yake, "Unamtesa mtoto." Ana mtindio wa ubongo, si kiziwi. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo tungeamsha mtaa mzima.

Ulipoingia kuoga, alirudi kwenye kigoda bila kuambiwa. Akajivuta, akasimama, akaiachia meza. Kisha akageukia mlango wa bafu. "Baba ameona?" Nikamwambia unaoga. Akasema, "Baba anajua kuniona nikianguka tu."

~~Kama huna moyo wa kumtazama, acha, nitamfanyisha mwenyewe nikirudi.~~

Hapana. Mfanyishe wewe. Kaa karibu naye, ila usimshike mpaka aombe. Ukiogopa, jikaze. Mimi huogopa kila siku, ila yeye hajui.

Mama Chiriku