Bati Lililochemka Bila Moto

Jumatatu, 2 Oktoba 1978
Mabati ishirini kabla ya jua la utosini. Jumamosi yalikuwa kumi na manne. Kirushya nzima hakuna anayepiga msumari kama mimi. Anayebisha apande juu tuone. Shule niliacha mwenyewe darasa la tano, sikufukuzwa. Kuezeka ghala la kahawa la kijiji hakuhitaji la sita.

Dereva aliyeleta mzigo kasema haya si mabati tuliyozoea. Ndani chuma, juu yamepakwa aluminiamu na zinki kwa pamoja. Hayashiki kutu upesi. Joto la jua yanalirudisha lilikotoka. Hata ukiyakata kwa mkasi, ukingo unajilinda wenyewe. Huko viwandani, kasema, wanaezekea mashine za thamani. Mwishoni kaniambia, "Ila kijana, yasikae na simenti mbichi, samadi wala majivu." Nikamwuliza, kwani tunayapika? Akacheka. Mimi nikacheka zaidi.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nimemaliza. Paa linang'aa mpaka watu wa kilima cha pili wanakinga macho. Kazi ya Deo hiyo.

Kahawa ya kijiji kizima imeingia. Ya Mama magunia manne, kwenye kona. Tangu tuhamishiwe hapa na Operesheni ya vijiji, Mama analala chini ya nyasi zinazovuja. Kila mvua anahamisha kitanda. Kifua chake hakitaki unyevu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Kahawa ikiuzwa anapata mabati. Nimemwahidi kisimani, mbele ya wanawake wote: mvua za masika utazisikia tu, hazitakugusa.

"Mdomo wako tayari umeezekwa," akasema. Wakacheka. Hata mimi.

Ijumaa, 3 Novemba
Jana redio ya Mwenyekiti ilizungukwa na kijiji kizima. Nduli wa Kampala ameingia nchini. Ni vita. Malori yanapeleka askari mpakani. La kahawa nalo limechukuliwa.

Kahawa itangoja. Paa lipo. Sina wasiwasi.

Jumanne, 14 Novemba
Kamanda wa mgambo kasema paa langu litatuua. Ndege za nduli zitaliona. Lifunikwe. Wiki nzima tumehangaika. Majani ya migomba yanapeperuka. Udongo mtupu unaoshwa na mvua.

Leo mkutanoni nikasimama. Nikawaambia hamjui kukandika nyie? Changanyeni udongo, samadi na majivu ya jikoni, kama ukuta. Utaganda. Wakapiga makofi. Kamanda akaniita injinia. Nimeshinda na jina hilo mchana kutwa kichwani. Tamu.

Alhamisi, 16 Novemba
Wanawake wameleta majivu kwa vikapu. Mama vikapu viwili. Nimepaka mwenyewe, nene, tangu mgongo wa paa hadi chini.

Katikati ya kazi nikakumbuka yule dereva. Samadi. Majivu. Mikono ikasimama kidogo. Watu walikuwa chini wananitazama. Nikajiambia watu wa mjini huogopa kila kitu. Nikaendelea.

Jumapili, 19 Novemba
Mvua imenyesha. Baada ya kanisa nikapanda kuziba palipobanduka. Tope linatoa mapovu. Nimeweka sikio. Chiii. Kama urwagwa, pombe ile ya ndizi ikianza kuumuka. Hakuna moto, na linachemka.

Nimekwangua kwa kucha. Chini bati jeusi. Unga wa kijivu kidoleni.

Nimeogopa. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 22 Novemba
Nimesema. Nilimwamkia Mwenyekiti shikamoo mara mbili kwa woga. Nikamweleza lile jivu linakula bati, lioshwe leo hii. Akamtazama Kamanda.

"Injinia, juzi upake, leo uoshe," Kamanda akasema. "Nani kakutuma? Nduli?"

Watu wakaangua kicheko. Ningekuwa mimi kwao ningecheka. Kamanda kasema atakayefunua paa anapelekwa wilayani kama msaliti. Nikaondoka nimeinamisha kichwa. Mimi, Deo.

Ijumaa, 24 Novemba
Nilipanda mchana na debe la maji. Nimeosha mabati mawili tu. Mgambo wakanivuta miguu, wakanishusha. Nikarushwa kichurachura kuzunguka ghala, watoto wakihesabu kwa sauti. Kisha wakanipa kikapu nipake upya palepale nilipoosha.

Nimepaka. Nilikuwa nalia na nikasema ni jivu limeingia machoni.

Jumamosi, 23 Desemba
Kila mvua ikibandua, ninaitwa. Napaka. Sasa ndiyo kazi yangu. Ndege hata moja haijapita. Lori hata moja halijaja.

Ijumaa, 9 Machi 1979
Masika. Maji yanaingia ghalani kama kwenye chekeche. Tumehamisha magunia kushoto, yakalowa kushoto. Kulia, yakalowa kulia. Pa kuyapeleka hapapo. Nyumba zote ni nyasi, zinavuja kuliko ghala.

Mama amekuja. Akafungua gunia lake, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akautoa, akanusa. Ukungu. Akajifuta kwenye kanga na kukohoa. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Akaniuliza nimekula?

Alhamisi, 12 Aprili
Kampala imeanguka. Ngoma, vigelegele, urwagwa. Kamanda kasema sasa paa lioshwe.

Nimeosha peke yangu. Nikashuka, nikaingia ndani. Mwanga unapita kila mahali. Kamanda alikuja nyuma yangu, akatazama juu muda mrefu.

"Kumbe ulisema kweli," akasema. Akarudi ngomani.

Kumbe nilisema kweli. Na kabla ya hapo nilisema uongo, na uongo ndio waliousikia.

Jumanne, 22 Mei
Lori. Dereva ni yuleyule, amekonda, vita vimemchosha. Mpimaji wa kahawa alipasua punje kwa meno, akatema. Gunia la pili, akatema. Hakufika la kumi. Kahawa yote imekataliwa. Tumeimwaga korongoni, wazee kwa vijana. Magunia manne ya Mama niliyabeba mimi.

Dereva alitazama paa. Akanitazama.

"Mliyapika," akasema.

Sikucheka.

Jumapili, 3 Juni
Kiangazi kimeanza. Wilaya haina mabati mengine. Mwenyekiti kasema haya mabovu anayetaka achukue. Wengine wanajengea mabanda ya mbuzi.

Nimechukua sita. Siku mbili nimeyasugua kwa maji matupu na majani, nikiyainua juani moja moja. Moja lilikuwa limelaliwa na kofia ya mgongo wa paa, tope halikulifikia. Limebaki jipya. Dogo, lakini jipya.

Leo nimeyapigilia juu ya kitanda cha Mama. Hakuna aliyekuja kutazama. Misumari michache, taratibu.

Mama akajilaza, mchana huu, ajaribu. Jua likashuka kwenye blanketi, vidoa vidoa. Akavihesabu kwa kidole kama mtoto. Kumi na tisa. Miguuni vingi. Begani viwili.

"Hapa kifuani hakuna," akasema.

Nikasema ndiyo, Mama. Hapakutoboka.

Akafumba macho. Mvua ni Septemba.