Mipini Mitatu ya Zenon

Jumapili, 5 Novemba 1995
Msasa tangu asubuhi. Mpini wa sita umeisha, wa yule fundi rangi mwenye gumba lililopinda. Pua imejaa vumbi la mti wa mpea. Mke wangu Furaha analalamika kwamba nusu ya unga wa ugali unaishia huku chini, kwenye karakana yangu ya chini ya ardhi.

Ni kweli. Kila mteja anafinya donge la ugali mgumu, nalikausha juu ya bomba la joto, kisha nachonga kwa kufuata alama za vidole. Baba yangu kule Uvira alichonga mipini ya majembe bila kumpima mtu. Lakini jembe ni la yeyote. Fito hizi za majirani zetu Wapolandi ni za kuvulia samaki kwenye tundu la barafu. Fupi kuliko mkono wangu. Samaki wa baridi anauma kidogo tu, na mpini usipokaa sawasawa hujui kama kauma. Fito anatengeneza Zenon, fundi plasta wa ghorofa ya pili. Mipini ni yangu. Wa kwanza niliuchonga mnene kama wa jembe. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Leo amefinya donge lake mwenyewe, baada ya wote. Mwishoni mwa Januari anakwenda kwao kuvua na kaka yake. Miaka sita hawajaonana.

Jumamosi, 18 Novemba
Nimempa Zenon mpini wake. Alama ya Z nimeichoma kwa msumari. Alikataa kuuweka chini, kahawa akanywea mkono wa kushoto. Kazi nzuri. Najisifu mwenyewe, Furaha hanisifu.

Jumapili, 3 Desemba
Vidole vya Zenon vinacheza ndani ya mifereji ya mpini. Aliugeuza, akaukamata tena. Akasema mti umevimba kwa unyevu.

Mti ule ulikaa miaka miwili kando ya tanuri la jengo. Hauwezi kuvimba. Nilimtazama shingo, kola ya shati imebaki wazi pande zote. Tangu lini? Nikasema ndiyo, ni unyevu wa mtaa huu wa Molenbeek. Niachie siku mbili niupige msasa.

Jumanne, 5 Desemba
Sikupiga msasa. Mkono ndio uliopungua, si mti uliovimba. Nimechonga mwingine, kutoka ubao uleule, mwembamba zaidi kwa unene wa punje ya mchele. Z mahali palepale. Wa zamani nimeuficha nyuma ya sanduku la misumari.

Zenon aliushika, uso ukamfunguka. "Voilà! Mkono ni uleule."

Nimefurahi naye. Sijawahi kudanganya vizuri hivyo bila kufungua mdomo.

Alhamisi, 21 Desemba
Furaha anasafisha ofisi kwenye maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, pamoja na Danuta, mke wa Zenon. Leo amerudi na hasira kutoka chumba chao cha kubadilishia nguo. "Ule papa Zenon iko anaisha! Danuta analia kila siku ku vestiaire. Donc wewe unabakia naye mu cave, hauone kitu?"

Nilimwambia mimi si daktari. Kisha nikashuka chini kumalizia mpini wa tatu. Huu umepungua punje mbili. Nimeubadilisha na wa pili alipokwenda chooni, na huo nao nikauficha. Anakaa sana chooni siku hizi.

Jumatano, 10 Januari 1996
Leo ilikuwa siku ya Zenon ya hospitali. Danuta ameihangaikia mwezi mzima. Alishuka na koti la mumewe mkononi. Zenon hakuinuka. Akamwinulia ufito. Akasema kwa lugha yao, kisha kwa Kifaransa ili na mimi nisikie: mizani ya bafuni ni mbovu, watu wana maneno mengi, lakini mpini huu ulichongwa kwa kipimo cha mkono wangu mwezi wa kumi na moja. Tazama. Ningekuwa nakonda, ungekaa hivi?

Akanigeukia. "Mwambie, fundi."

Danuta akanitazama. Nikasema, unakaa sawasawa.

Danuta akapanda ngazi na koti lake. Nimejichukia leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado sikusema.

Alhamisi, 11 Januari
Mficha maradhi kifo humuumbua. Baba aliisema methali hii mara nyingi. Haisemi chochote juu ya jirani anayemsaidia kuficha.

Jumapili, 14 Januari
Nimemwambia Furaha yote. Nilitegemea kelele. Akavuta kiti, akaketi. Halafu: "Wewe ndjo utaenda kumuambia. Leo. Ukiogopa, mi naenda."

Danuta alikuwa kanisani. Nilipanda na ile mipini miwili niliyoificha, nikaiweka mezani kando ya ufito wake. Yote mitatu ina Z. Zenon si mjinga. Alishika wa mwanzo wa Desemba, akauweka chini. Akashika wa Novemba. Ulicheza mkononi mwake kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Nikamweleza. Nikasema nisamehe. Hakutukana. Heri angetukana.

Aliangalia kiganja chake. Kisha akaniomba nimletee koti.

Jumanne, 30 Januari
Wamempasua, wakamshona bila kutoa kitu. Saratani imeenea tumboni kote. Danuta aliuliza kama kumleta Novemba kungekuwa tofauti. Daktari alisema pengine. Neno hilo moja. Nimekaa nalo tangu saa nne.

Hakuna tena safari ya kwenda kwa kaka yake. Madimbwi ya mtaa wa Flagey yameganda, watu wanateleza juu yake. Zenon, kitandani hospitalini, aliniuliza barafu ina unene gani. Nilimwonyesha kwa vidole. Akasema inatosha, inabeba mtu mzima.

Jumapili, 3 Machi
Mvua nyepesi. Wiki mbili tangu tumzike Zenon.

Danuta ameshuka na sufuria ya supu, ile nyekundu ya kwao. Aliketi na sisi mezani. Amesema kabla ya kufa Zenon alimweleza jinsi nilivyopanda siku ile ya Jumapili nikamsukuma aende hospitali. Wewe peke yako alikusikiliza, amesema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Hilo la Jumapili alimweleza. Yaliyotangulia, ya mipini, hakumweleza.

Furaha aliinamia sahani yake. Mimi nilisema si kitu, maman Danuta. Akaniongezea supu. Nikala yote.