Berinari Alivyompaka Mume Wangu Chokaa

Marahaba, Zaituni. Naitikia shikamoo ambayo hujaileta, maana najua imekwama huko Kigoma miaka minane pamoja na miguu yako. Usiniambie vita, usiniambie mpaka, usiniambie magoti. Vita ilipita mlangoni kwangu ikanikimbiza, nami nikarudi, na magoti yangu ni ya zamani kuliko yako. Mbona dagaa wenu wanafika sokoni hapa Gisenyi, nao wamekufa? Wewe uliye hai umeshindwa.

Bon, nimemaliza kugomba. U hali gani, mdogo wangu? Kile kifua kimepoa? Mimi ni mzima. Meno yamebaki matano na yananitosha, sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, hawana mifupa migumu kama dagaa wako. Anayeandika ni mkamwana wangu Esperansi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiniwekee sukari. Hapa amecheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka.

Sasa sikia habari. Unaukumbuka ule mnara wa taa bandarini Rubona, ambao marehemu Athumani wangu alikuwa akiuwasha kila jioni? Mwaka ule wa kukimbia nilivuka kwenda Goma na sufuria moja, na ufunguo wa mnara nimeufunga kwenye pindo la kitenge. Watu walinicheka njia nzima, kwamba nyumba nimeiacha wazi na mnara nimeufunga. Niliporudi, nyumba haina mabati, haina mlango. Mnara ulikuwa na kila kitu chake.

Ndipo tukaufanya nyumba ya makumbusho. Hakuna anayelipwa, hata sabuni tunaleta wenyewe. Akina mama wanaoanika sambaza wanafagia kwa zamu, wavuvi wanaziba paa, mwalimu mmoja wa Rugerero anakuja Jumapili kuwaeleza wageni. Mkubwa wa wavuvi ni Berinari, mtu mwema, mbishi kama mbuzi wa kuuzwa. Tumeweka koti la mvua la Athumani, nyavu za zamani, makasia, na taa zile za karabai walizokuwa wakivulia. Lakini vyote hivyo mtu anavipita tu. Kitu chenyewe ni ukuta.

Athumani hakusoma, kama mimi. Kila kundi la mitumbwi alilipa alama yake kwenye ukuta wa chumba cha chini: hawa mwiko, hawa sikio la ng'ombe, hawa jembe. Wakitoka jioni anachora mstari kwa msumari chini ya alama yao. Wakirudi asubuhi anaukata. Ukuta ulijaa kutoka sakafuni mpaka mikono yake ilipoishia. Mistari isiyokatwa ni michache, na kila mmoja una mjane wake hapa bandarini. Mimi sina barua hata moja ya mume wangu, Zaituni. Nina ukuta.

Basi mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja akautaka mnara awe anaweka simenti yake humo. Bwana wa komini, mkubwa wa serikali hapa, akatuma neno kwamba atakuja kuona kama kuna kitu cha maana ndani, na kama hakuna, tutoe nyavu zetu.

Unajua watu wa hapa mgeni akija. Wanafagia hata mawe. Asubuhi ya siku yenyewe nashuka kwenye taksi kutoka kwangu Mbugangari, naingia mnarani, nakuta ukuta mweupe kama yai. Berinari na wenzake wameamka mapema, wamekoroga chokaa, wamepaka chumba chote kama cha bibi harusi. Na yeye amesimama katikati, brashi mkononi, anangoja nimsifu.

“Mama, tulikusafishia,” akasema. “Mugeni iko anakuja.”

“Berinari,” nikamwambia, “umempaka mume wangu chokaa.”

Alielewa polepole, kama mtu anayeona moshi kwenye nyumba yake mwenyewe. Brashi ikamponyoka. Nilishika kasia nimpige, naapa, na asingekimbia. Wenzake wakaanza kusema tulete maji tuoshe, nikawakataza, maana wangekwangua na kilichobaki. Nikakaa chini nikalia, na mimi unanijua, mara ya mwisho nililia nikikata kitunguu.

Pale chini ndipo nilipokumbuka. Athumani macho yake yalikuwa mabovu. Asubuhi akitaka kuukata mstari hakuuona akisimama mbele yake. Alikuwa anabandika shavu ukutani na kuleta taa kwa ubavu, karibu mpaka nasema ataunguza nywele. Nikainuka. Nikamwambia Berinari awashe karabai moja ya makumbusho, nikafunga mlango na lile dirisha dogo. Nikaiweka taa pembeni, ikiugusa ukuta.

Zaituni, vilitoka vyote. Chokaa yao ilikuwa majimaji, haikujaza mikwaruzo. Kila mstari ulisimama na kivuli chake, wazi kuliko nilivyowahi kuuona. Berinari alipiga magoti mbele ya sikio la ng'ombe, alama ya kundi lake.

Bwana wa komini akafika saa nane na karatasi zake, anatazama saa. Nikamwingiza, nikafunga mlango. Akaniuliza, “Mama, unanifungia mulango juu ya nini?” Nikamwuliza amekuja kuona au kuongea. Kisha nikaleta taa.

Wavuvi walipita mmoja mmoja, kila mzee akaweka kidole kwenye alama yake. Mwisho akaja Mama Kayitesi, yule anayetuuzia chumvi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja usiokatwa, akasema, “Huyu ni wangu.” Basi.

Bwana yule alivua kofia. Akaomba ashike taa mwenyewe, akazunguka ukuta mzima, na saa yake hakuitazama tena. Akiwa mlangoni akasema, “Simenti itatafuta nyumba ingine.” Akina mama walipiga vigelegele mpaka mitumbwi ikasikia. Sasa wageni wanatoka Goma kuona ukuta wa taa, na kila kundi la mitumbwi linatuletea kikombe cha mafuta ili mnara uwake. Berinari anawaambia wageni kwamba chokaa ilikuwa akili yake. Nimemwachia.

Msalimie shemeji yangu, fundi wa boti, mwambie aache kukoroma. Msalimie shangazi wa Ujiji aliyenifunga kanga ya harusi, na binti yako mshonaji, anishonee gauni lenye mfuko mkubwa wa ufunguo.

Na wewe sikiliza. Chini ya dirisha, peke yake, kuna alama ya kikapu. Sikuijua, nikamwuliza Berinari. Akasema ni ya kwako, maana alikuwepo ikichorwa. Siku ile, miaka minane iliyopita, ulipopanda boti kwenda Cyangugu, ncha ya pili ya ziwa, na kile kikapu chako, Athumani alikuchora. Mstari haujakatwa. Ukija usipitie barabara, pandia boti Cyangugu, ushuke Rubona, na usije nyumbani kwanza hata kama una njaa. Msumari uko juu ya mlango wa mnara. Ukate kwa mkono wako, ndipo uje ule.

Dada yako anayekugombeza kwa kukupenda,
Mwanaidi