Picha kumi na moja za mawimbi

Mano Alawi, kaka yangu, leo nimeumbuka.

Baba kaita wazee nyumbani wanisomee dua kabla sijaijibu ile escola de artes, shule ya sanaa iliyonikubali. Kaomba simu yangu, waione shule niliyoichagua.

Picha kumi na moja nilizohifadhi za huko, Alawi. Zote mawimbi, na watu wamesimama juu ya ubao wa kuteleza baharini. Shule yenyewe hakuna hata ukuta.

Mjomba Shehe kauliza, "Unaenda kuchora au kuogelea?"

 

Baba kazitazama moja moja. Tangu tutolewe pwani tukahamishiwa huku Quitunda, yeye mvuvi hajagusa maji ya chumvi.

Kanirudishia simu. Kauliza kitu kimoja tu: "Ukilala huko, mawimbi utayasikia?"

Nikasema ndiyo.

Akainua mikono, akaanza dua.