Dawa ya Mdudu

Mpendwa Bi Mwanaheri,

Naomba msaada wako, na naomba usinigombeze sana mbele za watu ingawa najua nimestahili. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nina miaka thelathini na minne, chumba changu cha kushonea kiko karibu na stendi upande wanakopakia viazi kwenye malori, na safu yako naisoma kila Jumamosi, zile nilizozipenda nimezikata nikazibandika ukutani juu ya cherehani, kwa hiyo ninapokuandikia ni kama namwandikia mtu ambaye siku zote ananitazama nikifanya kazi.

Nilikuwa na mdogo wangu anaitwa Tabea, kwetu ni Yakobi, Njombe, tulizaliwa wawili tu. Mume wake alikuwa anaendesha lori la mbao, akafariki mwaka 2002, watu wakasema ni malaria ya kichwa na sisi tukasema ni malaria ya kichwa, na mwaka uliofuata Tabea akaenda kupima peke yake bila kumwambia mtu, akaambiwa anaye yule mdudu, unamjua Bi Mwanaheri ninayemsema, akauliza kama kuna dawa, akajibiwa dawa ziko Ulaya lakini kwa watu wa huku bado, ale vizuri na asijichoshe. Kile cheti akakikunja akakitia motoni, akaenda shambani. Hospitali hakurudi tena, alisema arudi kufanya nini, kuambiwa tena ale vizuri?

Haya yote mimi sikuyajua mpaka Februari mwaka huu alipokuja kwangu na mtoto wake, Rejoice, wa miaka mitano. Nilitaka kumshonea sketi ya kanisani, nikamzungushia futi kiunoni, futi ikabaki nyingi mkononi mwangu nikadhani nimekosea, nikampima tena. Akanishika mkono, akasema, "Dada, usinishonee nguo mpya. Ni yule mdudu." Akaniambia yote pale pale amesimama, na mimi nimepiga magoti na futi mkononi.

Sasa hapo ndipo kosa langu linapoanzia. Hapa mjini kuna Bwana Halfan, mtu mzima, mfanyabiashara, amefungua duka la intaneti lenye kompyuta nne, na watu wanasema humo unapata habari ya kitu chochote duniani, nikajiambia mimi nimefika kidato cha nne, Kiingereza nakisoma, nitamtafutia mdogo wangu dawa. Nikaenda. Bwana Halfan kanzu zake zote nazishona mimi, kwa hiyo alinipokea kwa heshima akanionyesha kile kisanduku cha kuandikia unachokitafuta, nami nikaanza kama naandika barua, habari za leo, natumaini hamjambo, naomba kujua, akacheka akasema mashine haiamkiwi. Akaniambia, "Andika tu jina la kitu unachokitafuta, fundi."

Bi Mwanaheri, kompyuta zake zote zimetazama benchi la watu wanaosubiri zamu, na siku ile kwenye benchi alikuwepo mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Nikashindwa. Vidole vilikuwa juu ya herufi na nikashindwa. Nikaandika dawa ya mdudu.

Zikaja habari za mahindi, za funza wa mabua, za kupiga dawa kwenye maharage, na moja ilikuwa ya maua ya pareto yanavyotengenezwa kuwa dawa ya kuua wadudu, na picha yake ipo, shamba jeupe kabisa kama lile tulilochuma mimi na Tabea tukiwa wadogo, tukirudi nyumbani vidole vinawasha. Nililitazama lile shamba mpaka nusu saa yangu ikaisha. Kesho yake nikarudi, nikajiambia labda Kiswahili ndicho kinachokosea, nikaandika kwa Kiingereza dawa ya mdudu wa damu, zikaja habari za minyoo na za mbu, na chini kabisa ukurasa mmoja wa kampuni ya ng'ambo wenye picha ya mama anatabasamu, wanauza majani ya kusafisha damu, wanasema siku arobaini kila kiumbe kilichomo kwenye damu kinatoka. Kulikuwa na barua za waliopona. Nikawaandikia, wakanijibu siku hiyo hiyo, wakaniita dada mpendwa katika Bwana, na mimi mtu akiniita hivyo namwamini.

Kopo lilifika Mei kupitia sanduku la posta la kanisa. Maelekezo yalisema mgonjwa aache dawa nyingine zote ili majani yafanye kazi, na Tabea alikuwa anameza vidonge vya kifua alivyopewa zahanati, nikavitoa mwenyewe chini ya mto wake nikavitupa chooni. Alikunywa yale majani asubuhi na jioni, akanishukuru kila kikombe. Siku ya thelathini na moja akafariki, tukampeleka Yakobi kumzika, baridi ya Juni ile unayoijua kama umewahi kufika kwetu.

Siku ya kuondoa msiba, akina mama wakiwa wanaosha vyombo, mwanamke mmoja aitwaye Lukresia, mwenyeji wa Bulongwa aliyeolewa pale kwetu, akanivuta pembeni. Huyu mwaka jana watu walikuwa wameshamkatia tamaa, alibebwa kwa machela, na sasa alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Akaniambia anameza dawa za kurefusha maisha, miezi tisa sasa, anazichukua hospitali pale Njombe mjini, bure, serikali inatoa. Kisha akaniuliza, "Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mlishindwa hata kuniuliza?"

Nikarudi kwenye vyombo.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya Tabea, Tabea ameshaondoka. Nakuandikia kwa sababu ya Rejoice ambaye sasa ninaye mimi. Krismasi nilimshonea gauni la njano, wiki iliyopita nikamvalisha nikitegemea nishushe pindo, gauni limekaa vile vile, nikampima mgongo, mabega na urefu, futi haijasogea hata nusu inchi tangu Desemba. Na mdomoni ana utando mweupe hautoki. Mama yetu anasema ni majonzi ya kufiwa, yatapita. Mimi ni fundi, najua mtoto wa miaka mitano hukua hata akiwa analia.

Hospitali naogopa, kwa sababu akishaandikwa jina lake kule, Yakobi nzima itajua mama yake alikufa na nini, na mama yetu ni mzee wa kanisa, haya itamuua. Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki tu: nifundishe namna sahihi ya kutafuta kwenye mtandao. Nielekeze niandike nini, nibonyeze wapi, nitajuaje ukurasa wa kweli na wa uongo, ili nimtafutie huyu mtoto dawa kimya kimya na safari hii nisikosee.

Ni mimi, Fundi wa Makambako, Julai 2005.

BI MWANAHERI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Pole ya msiba na pole ya kile kikombe cha majani, maana najua ndicho unachokiona ukifumba macho. Nimeisoma barua yako mara tatu, na majina ya watu na ya kijiji nimeyabadili kabla ya kuichapisha. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilishika kalamu nyekundu nikawa natafuta neno moja.

Umeandika mdudu. Umeandika yule unayemjua. Umenisimulia kifo cha mdogo wako kuanzia cheti mpaka kaburi, katika barua ya siri ambayo hata jina lako hukuweka, na hakuna mahali hata pamoja ulipoandika UKIMWI. Halafu unaniuliza ulikosea wapi kwenye mashine.

Mashine haikukosea. Iliombwa dawa ya mdudu ikaleta dawa ya mdudu, mpaka na pareto ya kwenu ikakuonyesha. Haina haya na haielewi mafumbo. Haijui kwamba sisi tukisema mdudu tunamaanisha mauti. Inazichukua herufi ulizoipa na kwenda kutafuta mahali zilipoandikwa, basi. Halfan alikupa somo zima kwa sentensi moja: andika jina la kitu unachokitafuta. Ukaogopa benchi.

Umeomba nikufundishe, nami sikunyimi, ila imenibidi nimsumbue mpwa wangu anayefanya kazi na hizi kompyuta. Anasema maneno machache yanatosha, matatu au manne, na yawe yale ambayo daktari angeyaandika, si yale ya jirani kisimani. Weka na mahali: ukiandika Tanzania, habari za Ulaya zinapungua. Ukiona ukurasa, kabla hujausoma shuka mpaka chini utazame nani ameuandika na lini. Mwaka ni muhimu kuliko unavyodhani. Tabea aliambiwa ukweli mwaka 2003, lakini mwaka jana ukweli huo ukachakaa na nyinyi mkaendelea kuushika. Kisha jiulize anayesema anauza nini. Mwenye kuuza majani si shahidi wa majani, na zile barua za waliopona hakuna aliyekuonyesha waliozituma. Na yeyote, awe kwenye mtandao, kwenye mimbari au sokoni, anayekwambia mgonjwa aache dawa ya hospitali, huyo mkimbie. Jambo moja lisome kwenye kurasa tatu zisizojuana, na baada ya hizo tatu mtafute mtu mwenye pumzi umuulize. Nyumba ya tatu palikuwa na jibu ambalo kompyuta nne za Makambako hazikukupa.

Hayo ndiyo ya mtandao, na yatakufaa siku nyingine. Kwa Rejoice hayafai kitu, maana huyo hahitaji kutafutiwa habari. Habari unayo. Umeipima kwa futi yako mwenyewe, mgongo, mabega na urefu. Unachotaka mimi nikufundishe ni namna ya kuendelea kujificha kwa ustadi zaidi, na hilo silifundishi. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na kwenu kimeshaumbua wawili.

Unamwogopea mama yako haya. Mama huyo amezika mkwe na amezika binti. Hivi kweli unadhani hajui? Mama anayesema ni majonzi yatapita anakulinda wewe, na wewe unamlinda yeye, na katikati yenu kuna mtoto hakui. Kaa naye, ukamwambie kwa upole. Kama kuna aibu itakayomuua, itakuwa ni ya kumzika na mjukuu wakati dawa iko mjini kwao.

Sasa nikwambie langu, kwa sababu nimekugombeza na si haki nibaki msafi. Baada ya kusoma barua yako nilitoa magazeti yangu ya miaka minne nikayapitia, yale yale uliyoyabandika ukutani. Watu wameniandikia juu ya ugonjwa huu mara kumi na tisa. Mara zote kumi na tisa nimewajibu nikiuita gonjwa hili hatari, au maradhi ya kisasa, au yale mambo. Nilidhani ni adabu. Ulikuwa unashona chini ya maneno yangu, fundi, na siku ulipokaa mbele ya ile mashine vidole vyako vilijua kile tu nilichokufundisha. Nisamehe. Vibandue hivyo vikaratasi, ubandike hiki.

Na yale majani usiyabebe peke yako maisha yako yote. Ulimpa mdogo wako ulichodhani ni uhai, naye alikushukuru akijua hivyo. Waliokuandikia dada mpendwa katika Bwana ndio watakaoulizwa.

Fanya hivi. Gazeti hili utalisoma Jumamosi. Jumapili nenda Yakobi na mtoto, baada ya ibada pita nyumba ya tatu, ukamwombe radhi Lukresia na umwombe akusindikize, kwa sababu yeye anajua mlango upi, foleni ipi na nesi yupi ana uso wa huruma. Jumatatu asubuhi mvike Rejoice lile gauni la njano pamoja na sweta, Njombe kuna baridi. Akapimwe, na wewe upimwe siku hiyo hiyo umshike mkono, aone sindano inaingia kwa mtu mkubwa kwanza. Ikiwa hana ugonjwa huo, utando ule una dawa yake, nawe utalala usingizi. Ikiwa anao, zipo dawa za watoto, ataanza mapema, na pindo la gauni hilo utalishusha.

Njiani, kwenye gari, jizoeze kulitamka lile neno. Litakukwama, lirudie. Kwa sababu mkifika dirishani nesi atainua kichwa na kukuuliza mtoto anahofiwa kuwa na nini, na nyuma yako kutakuwa na benchi limejaa watu.

Usiseme mdudu.