Kikombe cha Bati

Jumatano, 11 Juni 2025

Bega limetoka tena. Nilikuwa nachota maji tu! Nikaingia chooni, nikauma ncha ya khanga, nikalirudisha mwenyewe. Nikatoka nikapiga soga na mama mkwe kama sina neno. Nimezoea.

Wali wote wa unyago wako ndani kwa mama mkwe, hapo ng'ambo ya ua. Watatolewa tarehe 21. Binti yangu Fauzia atajipinda kinyumenyume mpaka aokote kikombe mkekani kwa meno. Bibi yake anatamba kijiji kizima: eti upande wa mama yake hawana mifupa! Kweli, hata mimi nilikiokota. Marehemu mama pia. Tulituzwa khanga mpaka tukafunikwa.

Jumatatu, 16 Juni

Lindi, hospitali, kwa ajili ya bega hili. Daktari Rosalia kanikunja kidole gumba, kikalala juu ya mkono. Kaangalia mavilio ya damu mapajani. Kauliza mama alikufaje. Uzazi, damu haikukatika. Kaka? Alianguka shambani, ghafla, watu wakasema karogwa. Daktari akaweka kalamu chini.

Ni ugonjwa wa kurithi, kasema. Nyama zinazoshikilia viungo ni dhaifu, na ngozi, na mishipa mikubwa ya damu. Mshipa unaweza kupasuka. Dawa ya kuuponya hakuna. Kauliza nina watoto wangapi.

Mmoja. Kasema nimlete haraka, asijipinde, asibebe mzigo.

Yarabi, mmoja tu — na hiki ndicho nilichompa!

Alhamisi, 19 Juni

Nimemwambia Nurdin aliporudi kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mume wangu mpole, hakupiga kelele. Kasema nisitangaze, nani atakuja kuposa kwetu? Tutampeleka baada ya ngoma. Baada!

Nikaenda kwa mama mkwe. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Kanicheka. Eti naona wivu, mwanangu kanizidi. Nikaomba kumwona Fauzia, dakika moja tu. Wapi! Mama hamwoni mwali mpaka siku ya kutoka. Nikamsikia anacheka nyuma ya ukuta. Nimelia njia nzima, na njia yenyewe ni hatua ishirini.

Jumamosi, 21 Juni

Ngoma tangu alfajiri. Wenzake wameshacheza. Kikombe cha mwali huwekwa mkekani na mama yake, na chetu ni hiki cha bati alichoniachia mama. Nimejifungia nacho chumbani. Bila kikombe haanzi. Ujinga, najua.

Mama mkwe amegonga mara mbili, anauliza nimeingiwa na shetani gani. Nurdin kagonga mara moja, akaondoka. Nikifungua nitasema mbele ya watu wote, waniite mchawi wakitaka. Nachelewa nini? Naogopa, ndiyo.

Sasa Fauzia mwenyewe. Yuko mlangoni, ananong'ona kwenye tundu la ufunguo.

Mama, nipe kikombe, wananisubiri. Bega lilitoka asubuhi lakini nimelirudisha mwenyewe, hakuna aliyeniona. Usimwambie mtu.